Wageni wa vuli Kwa Sadala

Ukishuka kwenye basi Kwa Sadala, wilayani Hai, macho yanakwenda kaskazini yenyewe. Mlima ukiwa wazi, kila aliyepo kituoni, kuanzia konda hadi mama anayepanga mikungu ya ndizi iliyoteremshwa kutoka Masama, ataitupia Kibo, kilele cha Kilimanjaro, jicho moja kisha aendelee na shughuli zake. Wageni hupiga picha. Wenyeji hutazama wingu limekaaje, wapate kujua kama mchana utanyesha. Makala haya yanamwomba msomaji aupe mlima mgongo kwa siku moja. Avuke barabara kuu ya Moshi kwenda Arusha, asimame pembeni mwa mashamba ya mahindi yanayoteremka kuelekea Rundugai, atazame juu, na awe na subira mpaka saa nne asubuhi.

Saa nne ina sababu yake. Tai ni ndege mzito. Tai-nyika aliyekomaa, mmoja wa wageni wa vuli, anaweza kufikisha kilo tatu au nne, na mabawa yake yakikunjuliwa hukaribia mita mbili kutoka ncha hadi ncha. Mwili wa namna hiyo ukibebwa na misuli peke yake, chakula cha siku nzima kitaishia njiani. Kwa hiyo husubiri jua limfanyie kazi. Ardhi iliyolimwa, lami na mabati ya nyumba vikishapata moto, hewa iliyo juu yake hupanda, na tai huingia humo, akatandaza mabawa na kuzunguka bila kuyapiga. Kila mzunguko unampandisha. Akishafika juu vya kutosha huuacha mzunguko, akateleza kilomita kadhaa kwa mteremko mrefu hadi apate hewa nyingine inayopanda, aanze upya. Saa moja asubuhi anga la Kwa Sadala ni la kunguru na njiwa. Kuanzia saa nne ndipo linapopata wenyewe.

Mahali penyewe pamekaa vizuri kwa kazi hii. Juu yake kuna vihamba vya Masama na Machame: migomba, kahawa chini ya migomba, magimbi, na mifongo inayoleta maji kutoka mlimani. Juu ya vihamba kuna msitu, ambao tangu mwaka 2005 uliingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Chini ya barabara ni tambarare kavu: mahindi, maharage, malisho, uwanja wa ndege wa KIA, na huko mbele kabisa nyika za Simanjiro. Familia nyingi za Kichaga za upande huu zimeishi kwa kuzitumia sehemu zote mbili, kihamba juu na shamba la nafaka chini, na njia za kupanda na kushuka zinakutana hapa barabarani. Ndege nao wana mpaka huohuo. Wa msituni, wa mashambani na wa nyikani, wote hupita juu ya soko hili, bila kiingilio na bila lango la hifadhi.

Tai wa kwanza hana haja ya kutafutwa. Anakaa kwenye nguzo ya umeme au kwenye ncha ya mkaratusi kando ya shamba, mweusi wa kahawia mwili mzima, macho ya njano, na utosini ana kishungi kirefu cha manyoya ambacho upepo ukivuma kinalala upande. Akiruka ndipo unapoona mabaka meupe kwenye mabawa. Vitabu vya ndege humwita tai-ushungi. Haji na vuli wala haondoki nayo, ni mkazi. Watu hupita chini yake wakielekea sokoni, pikipiki zinapiga honi, naye hajigusi.

Nilisimama kumtazama mmoja kando ya barabara ya kupanda Masama, shamba likiwa limebaki na mabua tu. Alikuwa ameinamisha kichwa, akikigeuza kidogo kidogo, sikio moja kisha jingine, kwa muda mrefu kiasi cha mtu kukata tamaa. Halafu akajiachia. Hakupiga bawa hata moja. Alishuka kwa mteremko hadi kwenye majani ya kingo za shamba, akatua kwa mguu mmoja mbele, na akabaki pale amesimama, mabawa nusu wazi, akiangalia huku na huku kabla ya kuangalia alichokikanyaga. Alikuwa panya. Hakumchana wala kumrarua. Alimgeuza, akaanza na kichwa, na kwa muda mfupi kilichobaki nje ya mdomo kilikuwa mkia. Kisha mkia nao ukaingia.

Panya ndio sehemu kubwa kabisa ya chakula cha tai huyu, na mkulima wa Hai hana haja ya kuelezwa panya ni nani. Hufukua mbegu kabla hazijaota, hupanda bua mahindi yakiwa yamesimama, na yakishavunwa hulifuata gunia hadi stoo. Panya shamba wa kawaida wa nchi yetu anaweza kuzaa watoto zaidi ya kumi kwa mimba moja, na mvua zikiwa nzuri huzaa tena na tena. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kimekuwa na watafiti wanaomchunguza mnyama huyu kwa miaka mingi, kwa sababu hasara yake si ya mchezo. Tai-ushungi anayeishi kwenye mikaratusi ya jirani anafanya kazi kila siku, bila likizo.

Lakini jina lake uswahilini halisafishiki, kwa sababu analipa deni la mwingine. Mwewe, yule wa mdomo wa njano na mkia wenye panda, ndiye anayeshuka uani na kupaa na kifaranga mbele ya macho ya mwenye nyumba. Watoto wakipiga kelele za “Mwewe!”, kila ndege mwenye mdomo uliopinda anahesabiwa kuwa mwewe, na kila mwewe anahesabiwa kuwa mwizi. Kuna wafugaji wanaowapaka vifaranga rangi ya zambarau au ya waridi ili mwewe asiwatambue. Kuna wanaotundika mifuko ya nailoni kwenye kamba ipepee uani. Hizo ni mbinu za amani. Wengine hushika manati, na manati haiulizi kishungi kiko wapi. Namshauri mwenye kuku atazame mkia kabla ya kuokota jiwe: wa mwewe umegawanyika nchani, na akiwa angani anaupindapinda kila anapogeuka. Tai hana mkia wa namna hiyo.

Hao ni wakazi. Wageni huja na mvua.

Mvua za vuli upande huu huanza kutarajiwa Oktoba, na aghalabu hushika Novemba. Kuna mwaka zinadanganya, kama mwaka 2022 ambapo sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ilikauka, na kuna mwaka zinapitiliza, kama 2023. Zikinyesha vizuri baada ya kiangazi kirefu, ardhi ikalainika, vichuguu hufunguka na kumbikumbi hutoka kwa maelfu, wakipaa kwa mabawa wanayoyatumia kwa muda mfupi tu kabla ya kuyapukutisha. Kumbikumbi ni mafuta na protini tupu. Kuku wanalijua hilo, watoto wanalijua, vyura wanalijua. Tai kutoka Kazakhstan pia wanalijua.

Ni jambo ambalo mtu asipoliona hulidhani la kutunga. Tai-nyika, ndege mwenye makucha ya kuua sungura, ambaye kwao huishi kwa kuwinda panya na kindi wa ardhini, anatua kwenye shamba la mahindi lililovunwa na kuanza kutembea kwa miguu, akidonoa kumbikumbi mmoja mmoja kama kuku wa kienyeji. Anaweza kuwa mmoja. Wanaweza kuwa kundi zima kwenye shamba moja, pamoja na mwewe, kunguru na korongo. Hawagombani sana. Chakula ni kingi na hakikimbii. Wakishiba wanabaki palepale chini, wamesimama juu ya madongoa, wakisubiri hewa ipate moto.

Akiwa chini ndipo unapopata nafasi ya kumkagua. Rangi peke yake haisaidii, kwa sababu tai wengi ni wa kahawia, na hapa kwetu yupo mwenyeji mwingine, tai wa rangi ya udongo, anayefanana naye mno. Tazama mdomo. Kwa tai-nyika, ule mstari wa njano wa pembe ya mdomo unarudi nyuma mpaka unafika usawa wa ukingo wa nyuma wa jicho, kiasi cha kumfanya aonekane anatabasamu kwa ubaya. Kwa yule mwenyeji mstari unaishia usawa wa katikati ya jicho. Mchanga wa mwaka huo, ambaye ndiyo kwanza amesafiri, ana ukanda mpana mweupe chini ya bawa, na huo huonekana hata akiwa juu sana. Ukiona mwenye umbo hilohilo lakini mdogo kidogo, na mabawa yake ameyainamisha anapoteleza, huenda ni tai madoadoa mdogo, mgeni mwingine, huyu akitoka misitu ya Ulaya ya mashariki na akiwa njiani kwenda Zambia, Zimbabwe na Botswana. Naye hufuata mvua, na naye hula kumbikumbi.

Tai-nyika huzaliana kwenye nyanda za majani za Urusi, Kazakhstan na Mongolia. Septemba na Oktoba baridi inapoanza kule, kindi wa ardhini wanaingia mashimoni kulala hadi majira ya joto yarudi, na tai anakosa cha kula. Anaanza safari. Bahari anaiogopa, kwa sababu juu ya maji hewa haipandi kama juu ya nchi kavu, na tai anayelazimika kupiga mabawa kwa saa nyingi anaweza kuishia majini. Kwa hiyo huzunguka. Wengi huteremka kupitia Uarabuni hadi Yemen, wakavukia Bab el-Mandeb, mlango wa bahari wenye upana wa kama kilomita 30 tu, wakatokea Djibouti. Mwaka 1987, kati ya mapema Oktoba na mapema Novemba, waliokaa pale kuhesabu waliandika ndege wawindaji zaidi ya 240,000, na kati yao tai-nyika walizidi 70,000. Kutoka hapo ni Ethiopia, Kenya, kisha kwetu, wengine wakiendelea kusini.

Njia hiyo tunaijua leo kwa undani zaidi kwa sababu ya vifaa vya kufuatilia, na mwaka 2019 kimoja kilileta kichekesho. Watafiti wa Urusi walikuwa wamewafunga tai-nyika 13 vifaa vinavyotuma mahali walipo kwa SMS. Tai mmoja jike, aliyeitwa Min, alikaa majira yote ya joto sehemu za Kazakhstan zisizo na mtandao, ujumbe ukirundikana bila kutumwa. Kisha akaruka hadi Iran. Huko kifaa kikapata mtandao na kumwaga SMS zote kwa mkupuo, kwa bei ya nje ya nchi, hadi bajeti ya mradi mzima ikaisha. Watafiti wakaomba umma uchangie vocha za tai, na kampuni ya simu ya MegaFon ikakubali kufuta deni. Sisi ambao tumewahi kuliwa bando usiku kucha na simu tuliyosahau kuizima tunaweza kumwelewa Min.

Tai-nyika, mkubwa, anaikwepa bahari, lakini yupo mdogo asiyeikwepa. Kipanga wa Amur ana uzito wa gramu kama 150, na hutoka mpakani mwa Urusi na China, anapozaliana. Vuli anapita kaskazini-mashariki mwa India, anapumzika, anakula na kunenepa, kisha anakata Bahari ya Hindi moja kwa moja hadi Somalia, zaidi ya kilomita 3,000 bila pa kutua. Kwa nini ndege mdogo awe na ujasiri huo? Mwaka 2009 mwanabiolojia Charles Anderson, aliyekuwa akiishi Maldivi, alipendekeza kwamba kereng'ende nao huvuka bahari hiyohiyo msimu huohuo, wakibebwa na pepo za juu kutoka India kuja Afrika Mashariki. Ikiwa ndivyo, kipanga anasafiri na chakula chake hewani. Kwetu hufika mwishoni mwa Novemba na Desemba, mara nyingi mbele ya wingu la mvua, makundi kwa makundi, mabawa membamba, miguu ya rangi ya chungwa. Huko India walikopumzika, katika jimbo la Nagaland, mwaka 2012 habari zilitoka kwamba wanakijiji walikuwa wakiwanasa kwa nyavu kwa maelfu na kuwauza kwa kitoweo. Mwaka uliofuata unasaji ulisimama, wanakijiji wenyewe wakawa walinzi. Kama usingesimama, vuli za huku zingepungukiwa, na hapa hakuna ambaye angejua kwa nini.

Nchi za kaskazini zimejenga desturi kubwa ya kutazama tai msimu huu. Pale Pennsylvania, Marekani, kuna kilima ambacho watu walikuwa wakipanda kila mwaka kuwapiga ndege wawindaji risasi kwa burudani, mpaka mwaka 1934 mama mmoja mwenye msimamo mkali, Rosalie Edge, alipokikodi na kuweka mlinzi. Leo kinaitwa Hawk Mountain na watu hupanda na darubini. Pale Batumi, Georgia, kwenye pwani ya Bahari Nyeusi, kila mwaka huhesabiwa ndege wawindaji zaidi ya milioni moja wakipita. Ni vizuri sana, ila tuseme ukweli: kule wanahesabu wanaoaga. Ndege anapita saa moja, amekwenda. Huku ndiko anakofika, akakaa, akala, akabadilisha manyoya. Mwaka mmoja wa tai-nyika una miezi mingi ya Afrika, na mtu anayetaka kumjua hawezi kumjulia Batumi.

Waliolielewa hilo mapema waliishi katika nchi zetu. Reginald Moreau alifanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, kuanzia mwaka 1928, na huko aliandika mambo ya ndege yaliyompa jina. Kitabu chake kikuu kuhusu ndege wanaohama kati ya Ulaya, Asia na Afrika kilitoka mwaka 1972, yeye akiwa ameshafariki. Humo alikadiria kwamba ndege bilioni tano hivi huvuka kuja Afrika kila mwaka. Wataalamu wa Uswisi walipopiga hesabu upya mwaka 2009 walipata bilioni mbili na kidogo, na hata hizo ni nyingi kwa mtu anayedhani anga ni tupu. Upande wa Kenya, Leslie Brown, bwana shamba aliyefanya kazi Embu, chini ya Mlima Kenya, alikaa miaka na miaka akifuatilia viota vya tai kwenye kilima kimoja. Si hifadhini. Kilimani, jirani na mashamba ya watu.

Nimetaja msitu wa juu, na itakuwa dhuluma kumruka mwenyewe. Tai wa msituni mwenye taji ndiye anayetisha kuliko wote mlimani. Anakula kima, mbega, pelele na paa wadogo, na makucha yake ya nyuma yanaweza kulipasua fuvu. Afrika Kusini kuna fuvu la mtoto wa jamii ya kale ya binadamu, lililopatikana Taung mwaka 1924, lenye umri wa zaidi ya miaka milioni mbili. Alama za ndani ya matundu ya macho yake zilimfanya mtafiti Lee Berger na wenzake waseme kwamba mtoto huyo aliuawa na tai wa aina hii au anayefanana naye. Kumwona mlimani ni kazi, kwa sababu hawindi angani, huvizia ndani ya miti. Ila saa za asubuhi za jua kali dume hupanda juu ya msitu, akapaa na kushuka, akapaa na kushuka, akipiga mluzi unaosikika mbali sana. Ukiwa juu Masama au Machame, mahali vihamba vinapokutana na msitu, simama usikilize kwanza, kisha tafuta kitone cheusi kinachoruka kwa mawimbi. Jozi moja huchukua karibu miaka miwili kulea mtoto mmoja. Ukipoteza mmoja, hakuna haraka ya kumrudisha.

Kwa anayetaka kujaribu, vifaa ni vichache. Darubini ya kukuza mara nane inatosha. Ya mara kumi inaleta karibu zaidi lakini mkono ukitetemeka na picha inatetemeka. Kofia. Maji. Viatu usivyovipenda, maana udongo wa shamba la Hai ukilowa unaondoka na viatu. Siku nzuri ni ile ya pili au ya tatu baada ya mvua kubwa, jua likiwa limerudi. Kaa kivulini, na chagua mahali unapoona shamba lenye vichuguu na upeo mpana wa anga. Usiingie kwenye shamba la mtu bila hodi. Na ujiandae kwa maswali, kwa sababu mtu mzima anayesimama pembeni mwa barabara kuu na kifaa cha kutazamia mbali, akiandika kwenye daftari, kwa mwenyeji wa hapa ni mpima ardhi mpaka athibitike vinginevyo. Nimewahi kuulizwa kwa heshima zote kama barabara itapanuliwa na nyumba za nani zitapigwa X. Nilipojibu kwamba natazama tai, mzee aliyeuliza alinitazama kwa huruma, akaniambia tai wapo, tena wengi, tangu yeye ni mtoto, na akanionyesha nguzo ya umeme ambayo mmoja huikalia kila asubuhi. Hakuhitaji darubini.

Swali la mzee lilikuwa la haki, maana ardhi ya hapa inabadilika mikono haraka. Mashamba ya kando ya barabara kuu yanakatwa viwanja. Mahali palipokuwa na mabua na vichuguu panawekwa ukuta, geti na fremu za maduka. Sina ugomvi na mtu anayejenga. Lakini kichuguu kikisawazishwa, kumbikumbi wa pale hawatoki tena.

Hatari nyingine inatembezwa sokoni kwa kipaza sauti. Kila mtu anaijua ile sauti iliyorekodiwa: sumu ya panya, ya mende, ya kunguni, inarudia mpaka kichwa kiume. Sumu nyingi za panya haziui papo hapo. Panya akishakula hutembea siku kadhaa akilegea, anatoka mchana kweupe, anashindwa kukimbia, na hapo ndipo tai-ushungi anapomwona. Kwa tai ni riziki rahisi. Akila wa namna hiyo mfululizo, sumu inahamia kwake, na shamba linabaki na panya waliopona na nguzo isiyo na mlinzi. Mwenye stoo anayeamua kutumia sumu anaweza angalau kuwaokota panya waliokufa na waliolegea, akawafukia. Gharama yake ni jembe tu.

Tai-nyika wana shida kubwa zaidi, na sehemu kubwa iko mbali na Hai. Kule nyandani kwao hutua juu ya nguzo za umeme kwa kuwa hakuna miti, mabawa yakagusa waya mbili, wakafa. Kule India, mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa dawa ya diklofenaki, ileile iliyoangamiza tumbusi wa Asia ya Kusini, imekutwa imeua tai-nyika pia. Huku Afrika wapo wanaotia sumu mzoga ili kuua simba au fisi aliyekula ng'ombe, na anayefika wa kwanza kwenye mzoga ni ndege. Mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, lilimwingiza tai-nyika kwenye kundi la viumbe walio hatarini kutoweka. Kwa mtu wa Kwa Sadala anayewaona wakitembea shambani baada ya mvua, hiyo ni habari ya kushangaza, kwa sababu siku kumbikumbi wakitoka, haonekani kuwa ndege adimu hata kidogo.

Msimu wao hapa unakwenda sambamba na msimu mwingine tunaoujua vizuri zaidi. Kuanzia katikati ya Desemba Wachaga wanarudi nyumbani. Mabasi ya kutoka Dar es Salaam yanajaa, magari binafsi yanafuatana tangu Korogwe na Same, Moshi mjini hapapitiki, na Kwa Sadala magari yanasimama kununua ndizi na nyama kabla ya kukata kona kupanda Masama. Wiki hizo tai-nyika bado wapo, na vipanga wa Amur huenda wanapita. Aliyerudi na watoto wa mjini, ambao siku ya tatu wameshachoka kukaa kihambani na mtandao hausomi, anaweza kuwateremsha hadi barabarani saa nne asubuhi baada ya mvua, akawapa darubini kwa zamu, na akawaagiza watafute mwenye kishungi, mwenye mkia wa panda, na mwenye mstari wa njano unaopita jicho. Wakikosa Desemba, wasubiri Pasaka ya mwaka ambao inaangukia mapema, maana kuanzia Februari hadi Aprili wageni wanaanza kurudi kaskazini, na wakati huo trekta zinakuwa tayari ziko shambani zikilima kwa ajili ya masika.